Memori Nilizozifunga Pindoni

Mpendwa wifi yangu Nyanjura,

Nimekaa barazani hapa Pasiansi, kwenye kiti chako chenye mguu mfupi, na kabla hujauliza: hapana, bado hakijatengenezwa. Kaka yako anasema fundi atakuja Jumamosi. Unamjua kaka yako na Jumamosi zake. Wewe umelala Buswelu mwezi wa tatu sasa, na mimi bado nikisikia geti linalia asubuhi nainua kichwa kutazama kama ni wewe umekuja kazini.

Barua hii naiandika kwa mkono. Nikimaliza nitampa binti yangu Neema aipige chapa na kuituma kwenye kundi letu la familia na la wanakwaya, maana nataka isomwe na watu. Sababu nitakuambia huko mbele. Kwa sasa ujue tu kwamba kuna jambo nililokuficha tangu mwaka ule tulipounda kompyuta, na umeondoka duniani sijakuambia.

Tuanzie ofisini, maana huko ndiko tulikotoka. Meza mbili zinatazamana kwenye ofisi ya ushirika wa pamba, mashine za chapa mbili, na dirisha moja ambalo tuligombea kukaa karibu nalo. Wewe ulikuwa unapiga haraka kuliko mimi na ulihakikisha nalijua hilo. Wewe ndiye uliyenipa hata mume. Siku moja uliniambia bila kuacha kupiga, "Nina kaka yangu hajaoa. Mtu mzuri, ila anakoroma." Hukunidanganya kwa lolote, wifi. Mpaka leo anakoroma.

Kisha soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, ushirika ukabaki na maghala matupu, na sisi tukaanza kuitwa mmoja mmoja kupewa barua za kupunguzwa kazi. Barua yangu niliipiga chapa mwenyewe. Na yako niliipiga mimi. Ulipokabidhiwa uliisoma, ukachukua kalamu, ukasahihisha herufi moja niliyokosea, ndipo ukasaini kwamba umepokea. Bosi hakujua acheke au aombe radhi.

Wenzetu wengi walikwenda kwenye samaki. Sangara walikuwa wameshika mji, kila mtu ana mdogo wake kiwandani au ana shemeji mwenye mtumbwi. Mimi nilitaka tuuze mitumba. Wewe ukakataa. Ulisema, "Wifi, mashine za chapa zimekwisha. Sasa ni kompyuta. Mwenye kompyuta nyumbani ndiye watu watamfuata." Ukaenda kusoma kozi ya miezi mitatu kwenye ukumbi wa kanisa, ukarudi hapa Pasiansi, ulikokuwa unaishi nasi, na kitabu kinene chenye picha za vyuma na nyaya, ukaanza kukisoma hata ukikoroga ugali. Ugali wa wiki ile ulikuwa na mabonge, nasema sasa kwa kuwa huwezi kunijibu.

Kompyuta nzima ilitushinda bei. Tukaenda kwa Mzee Ramesh, ambaye duka la baba yake liliuza cherehani na redio tangu kabla sisi hatujazaliwa. Yeye, tangu biashara ilipofunguliwa, alikuwa ameanza kuleta vipande vya kompyuta kwenye maboksi na kuvipanga rafu moja na sindano za cherehani. Alikutazama juu ya miwani yake akasema, "Dada, kuunda si kazi. Kazi ni subira. Iko nayo?" Ukasema unayo. Nikakohoa.

Siku tuliyoiunda sitaisahau. Meza ya chakula sebuleni, kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai, wewe na bisibisi, mimi nimeshika tochi mchana kweupe kwa sababu ulisema ndani ya kasha kuna giza. Kaka yako amesimama mlangoni amekunja mikono anauliza kila baada ya dakika tano kama hiyo waya nayo si ya kule. Ilipowaka na kulia "pii" mara moja, ulipiga vigelegele mpaka mama wa nyumba ya pili akaja mbio akidhani Neema, aliyekuwa na miaka sita, ameletewa posa.

Ila ilikuwa nzito, inavuta miguu. Ndipo uliponieleza memori ni nini, na ulinieleza kwa namna ambayo sijawahi kumsikia mwalimu yeyote akieleza. Ulisema memori ni meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, karatasi zote haziwezi kutandazwa, basi mtu anabaki kuinama na kuinuka. Mzee Ramesh alikuwa ametuuzia vibao viwili vya memori. Vilikaa kwenye nafasi zake viwili viwili, havikubali kimoja, na nafasi mbili nyingine zilikuwa wazi. Tukipata vibao viwili zaidi, meza yetu ingekuwa mara mbili.

Mimi nikasema naenda Nairobi kumsalimia dada yangu, huko vitu ni rahisi, nitavileta. Nikavileta kweli. Muuzaji alikuwa amevitia kila kimoja kwenye kifuko kinachong'aa, akaniambia nisivitoe humo mpaka nyumbani. Lakini basi lilipokaribia Sirari niliingiwa na hofu ya watu wa forodha. Vile vifuko vilikuwa vinalia kama pakiti ya biskuti kila nikisogea. Basi nikaingia chooni pale mpakani, nikavitoa, nikavitupa vifuko, vibao nikavifunga kwenye pindo la khanga, nikachomeka kiunoni, ndani kabisa, palepale mama yangu alipokuwa anaweka kila kitu cha thamani tangu niko mdogo Buswelu. Joto la siku ile unalijua, na njia ya Mara wakati ule unaijua. Nikafika Mwanza khanga imelowa jasho na mimi najiona shujaa.

Ulifungua lile fundo kwa meno. "Wifi, umeleta memori au karanga?" Ukavifuta na ncha ya gauni lako, ukavibana mahali pake, kompyuta ikawaka, ikakimbia. Kwa wiki nzima nilimsimulia kila mgeni jinsi nilivyowapita watu wa forodha na mali kiunoni. Wewe ulikuwa unaniongezea chumvi, ukasema niliwasalimia na kuwauliza habari za watoto.

Ndipo yule mwalimu mkuu akaja. Shule ya sekondari ya binafsi ilikuwa imefunguliwa Ilemela, moja ya zile za mwanzo mwanzo, na alitaka mitihani ya mwisho wa mwaka ipigwe chapa vizuri ili wazazi waone shule si ya mchezo. Alituachia makaratasi yaliyoandikwa kwa mkono, kidato cha kwanza mpaka cha tatu, akatupa wiki mbili.

Usiku ule ule kaka yako akatoa hukumu yake mezani. Mama yenu alikuwa peke yake Majita, miguu imeanza kuvimba, na kila barua alimtaka binti yake. Kaka yako akasema, "Mitihani ikifika shuleni kwa wakati, Nyanjura anakaa, na hii ndiyo kazi yenu. Isipofika, anarudi Majita akae na mama. Sitaki kusikia hadithi." Ulinawa mikono ukaondoka mezani kabla ya mboga. Nilikufuata jikoni. Ulisema hukuogopa jembe, jembe umezaliwa nalo, uliogopa kwamba ukienda hutarudi tena kwenye kibodi. 

Siku ya tatu ya kazi ndipo uliposema kwa mara ya kwanza, "Wifi, imerara." Ulimi wako wa Kijita ulikuwa hauna habari na tofauti ya r na l ukipata mshtuko. Skrini yote imekuwa ya bluu, maandishi meupe hayaeleweki, na ukurasa mzima wa jiografia umepotea. Tukaizima, tukaiwasha, ikafanya kazi kama hakuna kilichotokea. Kesho yake ikalala mara mbili. Keshokutwa mara tano.

Tulihangaika, wifi. Kwanza tulisema ni umeme. Mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma taa zetu zilikuwa zinafifia, basi ukaenda kumwomba akuambie saa anazosaga, tukawa tunapiga chapa yeye akipumzika. Ikalala vilevile. Tukasema ni joto. Mama alikuwa ametuma kutoka Majita kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, na mimi nilikitandika juu ya kasha kama nilivyotandika kwenye redio na kwenye kochi. Ukakitoa. Nikakirudisha. Ukakitoa tena ukasema, "Wifi, hiki chuma kinapumua." Ikalala bila kitambaa. Tukafungua kasha tukakuta wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa wingu, wamekaukia humo ndani konzi nzima. Tukawafagia kwa unyoya wa kuku. Mimi nikasema basi, tumepata mchawi. Ikalala kabla chai haijapoa. Mama wa nyumba ya pili alisema tumwite mchungaji aiombee, na sitasema kwamba nilikuwa sijaanza kukubali.

Wewe hukukata tamaa. Ulikaa ukaitazama. Kila ilipolala uliandika ilikuwa inafanya nini, na Jumanne jioni ukanishika bega. "Wifi, barua fupi haijawahi kuiua. Kidato cha kwanza hakijaiua. Inakufa tukifungua kitu kirefu chenye michoro. Ikitumia sehemu ndogo ya meza ni nzima. Ikitandaza kazi mpaka mwisho wa meza, inaanguka. Mwisho wa meza kuna kitu kibovu." Ukasema kesho asubuhi utakwenda kwa Mzee Ramesh akuazime vibao viwili vizima, maana ulidhani viwili peke yake havitabeba michoro, tujaribu jozi kwa jozi mpaka tumjue mwenye kosa. Ilikuwa imebaki karatasi moja tu, hisabati kidato cha tatu, ndefu na michoro tele. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja kuchukua mzigo wake Jumatano hiyohiyo, saa kumi alasiri.

Sasa, wifi, kaa vizuri.

Ulipotoka saa mbili asubuhi nilibaki peke yangu. Kaka yako yuko bandarini, Neema shuleni. Nilifagia, nikaosha vyombo, nikaitazama ile kompyuta. Mwisho wa meza ulikuwa ni vibao vyangu. Nilijua tangu uliposema. Nikachukua bisibisi, nikafungua kasha kama nilivyokuona ukifungua, nikang'oa vibao vyangu viwili vya Nairobi, nikaacha vya Mzee Ramesh. Mahali vibao vinapogusana na mashine palikuwa pameingia weusi, hasa kwenye kibao cha chini. Nikawasha. Nikafungua ile hisabati.

Haikulala. Ilikuwa inakwenda pole pole, inavuta miguu kama siku za kwanza, lakini haikulala. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nilipandisha ukurasa, nikashusha, nikafungua na michoro yote. Nzima. Ningeweza kukaa pale nikaipiga ile karatasi mwenyewe ikaisha kabla ya saa kumi.

Badala yake nilikaa nikawaza. Niliwaza wiki nzima niliyojisifu. Niliwaza utakavyocheka, na kaka yako atakavyocheka, na mama wa nyumba ya pili. Na kuna kingine, nacho nakisema kwa sababu nimeapa kusema vyote: nilikuwa nimechoka kuishi na mtu anayejua kila kitu. Jikoni kwangu ulijua, kwenye kompyuta ulijua, kaka yako akiwa na neno alikuambia wewe kwanza. Nilikupenda, na palepale nilikuwa nimekuchoka. Nikajiambia akienda Majita mwezi mmoja miwili si kufa, atarudi. Saa sita na nusu nikavirudisha vibao vyangu, nikakaza kasha vizuri, nikaenda jikoni kuchambua mchicha.

Ulirudi saa saba umejaa vumbi. Duka lilikuwa limefungwa, umesubiri mlangoni asubuhi nzima mpaka ukaambiwa ni Diwali, Mzee Ramesh na nduguze wote wako hekaluni. Hatukuwa tumekumbuka. Ukafungua kasha, ukatazama, ukafunga. Ukasema kwa sauti ndogo, "Tujaribu tena tu." Nikavuta kiti nikakaa karibu nawe, mimi, na mchicha bado mikononi. Ikalala ukurasa wa pili.

Mwalimu mkuu alikuja na adabu zake. Alisema anaelewa, akafunga makaratasi yake yote pamoja na disketi za kazi iliyokwisha, akaenda kutafuta watu wa mashine ya chapa. Kaka yako aliporudi hakugombeza. Alikuuliza, "Imeshindikana?" Ukasema, "Imeshindikana, kaka." Hukubisha neno moja. Mimi nilistaajabu, maana wewe ulibisha hata hali ya hewa.

Ijumaa asubuhi ukaondoka na begi moja. Kitabu ukaniachia. Getini ukanikumbusha kuifunika kibodi, kwamba vumbi la Pasiansi halina adabu. Nilirudi ndani nikaifunika kibodi, nikakaa.

Nilistahimili siku tisa. Neema aliuliza shangazi yuko wapi asubuhi na jioni. Ugali wangu haukuwa na mabonge na hakuna aliyeusifu. Siku ya tisa nilimwambia kaka yako, "Baba Neema, leo nimetoa zile memori zangu za Nairobi, kompyuta imepona. Kosa ni langu, nilizitoa kwenye vifuko vyake nikazitia jasho." Nilisema leo. Sikusema Jumatano ya Diwali. Akasema, "Basi nenda kamwambie mama mwenyewe."

Nikapanda basi mpaka Majita. Nilimkuta mama anapepeta mtama, nikapiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona peke yako?" Nikamwambia mbele yako na mbele ya majirani waliokuja kuona mgeni: kilichoharibu kazi ni vitu vyangu, Nyanjura hana kosa, nimegundua jana, nimekuja kumchukua. Mama akaweka ungo chini, akaniinua kwa mikono yote miwili. Akasema, "Huyu ndiye mkwe. Wangapi wanafunga safari kuja kukubali kosa?" Kuhusu miguu yake akasema ana jirani, na ana Mungu. Akakamata kuku. Filigisi, ambayo nyumbani kwenu anaila mwanamume mwenye nyumba, nikatengewa mimi. Nikaila, wifi. Niliitafuna mbele yako nikaimeza.

Tukarudi. Yaliyofuata unayajua, ila acha niyaseme, maana ndiyo yanayonijia kila asubuhi. Zile kadi za harusi tulizopamba maua mpaka majina ya maarusi hayaonekani. Barua za kuomba kazi za vijana wa Kirumba, wote "mchapakazi na mwaminifu", sentensi yako ileile. Yule mzee aliyetaka tumpigie barua ya posa, ukaibadilisha ikawa nzuri mpaka akaogopa kuituma. Kompyuta ya pili, ya tatu. Ukaolewa ukahamia Buswelu, kwetu, ukawa mwenyeji kuliko mimi niliyezaliwa huko, ukajua hata wauza michembe ya viazi vikavu kwa majina. Na bado kila asubuhi geti linalia, "Hodi wifi, mashine imeamka?" Watu walituita pacha. Mara nyingi nilitaka kukuambia. Nilikuwa naanza, unanitazama, naishia kuuliza kama umekunywa chai.

Sasa sababu ya kutaka barua hii isomwe. Siku tuliyokuzika, binti yako Esta alisimama kutoa neno la familia. Alisema mengi, kisha akasema: "Mama alituambia kwamba rafiki wa kweli ni yule anayekubali kosa lake bila kushikwa. Alituambia habari za mke wa mjomba aliyesafiri mpaka Majita kusema kosa ni lake. Alisema alijifunza uaminifu kwake." Watu wote wakageuka kunitazama. Mama mmoja wa kwaya akanishika mkono akaubana. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni huzuni. Basi walionitazama siku ile, nawaomba wasome na haya. Nilijua kabla hujaondoka. Nilikuacha ufukuzwe nyumbani kwa kaka yako, na dawa ilikuwa mikononi mwangu.

Wifi, niliiacha barua hapo jana nikidhani nimemaliza. Naendelea leo.

Asubuhi, kabla sijampa Neema, niliona si haki kaka yako aisome kwenye simu pamoja na watu. Nikamsomea hapa barazani. Alikuwa anamenya chungwa. Nilisoma mpaka mwisho, sauti inakatika, yeye anamenya tu. Alipomaliza kumenya lote akasema, "Alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba ulishafungua kabla yake. Nyanjura alikuwa anafungua lile kasha kila siku, kwa hiyo alikuwa anafunga skrubu mbili tu, asijisumbue. Siku ile alikuta nne, zimekazwa kweli kweli. Akajua umetoa, umeona, umerudisha. Akasema moyoni, basi wifi hataki nikae. Ndiyo maana hakubisha."

 Akanipa kipande cha chungwa, nikakishika tu.

"Aliniambia baada ya wewe kumrudisha. Nikakasirika, nikataka kukuuliza. Akanikataza. Akasema, kaka, mtu asiyenitaka hapandi basi mpaka Majita. Ukimwambia ataanza kuniogopa, na mimi nataka kucheka naye."

Nimelia, wifi, kuliko nilivyolia msibani. Miaka yote ile nilikuwa nakuchungulia kwa pembeni nione kama unajua, na wewe unajua, umekaa hapo unapiga chapa, unanichekesha. Ulimwambia Esta yale maneno ukijua. Nilikuja kukuomba msamaha nimekuta ulishanipa zamani, na sijui sasa niufanyie nini. Ningekuwa na wewe hapa dakika moja ningekugombeza. Ungenikaripia hata mara moja, ungeniita mnafiki, ungenifungia mlango siku mbili, ningejua umenisamehe, na ningeufurahia msamaha wako ukiwa hai.

Esta nimempelekea barua hii kabla ya wote. Bado hajanipigia simu, na sitamharakisha.

Lala kwa amani Buswelu, wewe uliyenizidi kwa kila kitu. Leo nimekubali.

Mimi wifi yako,
Mama Neema